Sura ya 7: Kompyuta Kuukuu Kati ya Nyumba na Intaneti

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika katika maji ya Afrika Kusini. Siku hiyo hiyo mtandao ukazorota kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala. Nyaya zote mbili hutua Mombasa, kilomita 120 hivi kusini mwa Malindi, lakini ujirani huo haukumfaa mtu yeyote wa Pwani. Aliyeweka video ya arusi kwenye akaunti ya mtandaoni alibaki kuitazama alama ya kusubiri ikizunguka. Aliyetaka kuhamisha faili kutoka simu yake hadi kompyuta iliyo chumba cha pili alikwama vilevile, maana faili zake zilikuwa zimezoea kwenda Ulaya au Marekani kwanza ndipo zirudi nyumbani.

Haikuwa mara ya kwanza. Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na bandari ya Mombasa, na Februari 2024, miezi michache kabla ya tukio la Mei, nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu. Nyaya zitaendelea kukatika. Bahari ina meli, meli zina nanga.

Sura hii inahusu kompyuta kuukuu, ile iliyopandishwa juu ya kabati ikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu, na kazi mbili inazoweza kufanya katika nyumba ya Malindi, Watamu au Kilifi. Kazi ya kwanza ni kuwa seva, yaani mahali pa kuhifadhi mali ya nyumba: picha, hati, vitabu, filamu. Kazi ya pili ni kuwa fayawoli, ukuta unaochuja kila kinachoingia na kutoka kati ya nyumba na intaneti. Hoja yangu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: kilicho cha nyumba kikae nyumbani, na kinachoingia nyumbani kipite mahali unapopajua.

Kuielewa kazi ya pili, nenda Gede. Mji huo ulioachwa na wenyewe mapema katika karne ya 17, na ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ulikuwa na ukuta wa nje, na ndani yake ukuta mwingine uliozunguka jumba la mfalme, msikiti mkuu na nyumba za wenye uwezo. Aliyevuka lango la kwanza alikuwa mjini, lakini hajafika kwa mwenye mji. Fayawoli iliyopangwa vizuri hufuata mpango huo huo. Nyumba zetu nyingi zina ukuta mmoja tu, tena mwembamba: ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti, ambayo programu yake huenda haijasasishwa tangu siku ilipofungwa ukutani.

Ndani ya fayawoli kazi ni hii. Simu yako inapoomba ukurasa wa habari, fayawoli huandika katika jedwali kwamba kifaa fulani cha ndani kimeuliza anwani fulani ya nje. Jibu likirudi hulinganishwa na jedwali, likikubaliana hupita. Kinachokuja bila kuulizwa hudondoshwa kimya, wala aliyekituma hapati hata jibu la kumwambia kuna mtu. Hilo ndilo jambo la msingi, na kompyuta ya miaka kumi na zaidi hulifanya kwa kasi zaidi kuliko fiba ya nyumbani inavyoweza kuleta data.

Lakini si kila kompyuta kuukuu inaifaa kazi hii, na hapa wengi hupoteza pesa wakidhani wanaokoa. Mashine hii itawaka mchana na usiku, mwaka mzima. Kompyuta ya mezani ya enzi za Pentium 4 hula hadi wati 100 hata ikiwa imekaa tu bila kazi. Hesabu: wati 100 kwa saa 24 ni uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023 mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kuliko wote. Mashine hiyo peke yake inamtoa katika kundi hilo na kumvusha mbali. Ukipewa bure, bado ni ghali.

Tafuta mashine ya kuanzia mwaka 2012 hivi. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka huo, ile yenye kasha dogo, hula takriban wati 25 hadi 30 ikiwa na kazi nyepesi, yaani uniti 20 hivi kwa mwezi. Zile ndogo kabisa, ThinkCentre Tiny au HP EliteDesk Mini, hula wati 10 hadi 15. Laptopu nayo iko katika kiwango hicho, tena ina jambo ambalo kompyuta ya mezani haina: betri yake. Stima ikikatika dakika kumi, kama inavyotokea Malindi jioni nyingi za joto, laptopu haijui. Sharti ni moja, betri iwe haijavimba. Iliyovimba itolewe siku hiyo hiyo, isingoje kesho.

Mashine za aina hii zimejaa nchini. Nyingi zilianza maisha maofisini ng'ambo, na wauzaji wa Mombasa na Nairobi huziita ex-UK. Sasa zitazidi kuwa nyingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni ya kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache. Ofisi na hoteli zitaziondoa kompyuta ambazo hazina ugonjwa wowote. Kwa mifumo ya uendeshaji ya bure kama Linux au FreeBSD, mashine ya 2012 bado ina nguvu tele. Hakikisha tu ni ya biti 64. pfSense, mojawapo ya programu za fayawoli, iliacha biti 32 mwaka 2017 kuanzia toleo la 2.4, na Debian 13, Linux iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye kompyuta ya Intel ya biti 32. Ramu ya gigabaiti 4 yatosha fayawoli. Seva ipe 8.

Ukishaipata, usiiwashe. Ifungue kwanza.

Kompyuta iliyokaa Pwani miaka kadhaa inaonyesha ilipokaa. Chumvi ya baharini huja na upepo, na kompyuta iliyowekwa karibu na dirisha linalotazama bahari hushika kutu kwanza kwenye skrubu za nyuma, halafu kwenye mabano ya kadi, halafu kwenye meno ya soketi zenyewe. Ikiwa nyumba imeezekwa makuti, chini ya kasha utakuta unga wa kahawia umejikusanya kwenye feni. Ukifungua pawasaplai, ikiwa imechomolewa kwenye umeme kwa muda mrefu, usishangae kukuta mayai meupe ya mjusi kafiri, au mjusi mwenyewe aliyekauka. Mijusi hupenda joto la mle ndani. Mmoja akigusa sehemu mbili zenye umeme kwa pamoja, huo ni mwisho wake na wa pawasaplai. Matundu ya nyuma ambayo hayatumiki yazibe kwa vibati vyake au wavu mwembamba, lakini usizibe njia ya hewa.

Safisha kwa brashi kavu ya rangi na hewa ya kupuliza. Toa hitsinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, pangusa pasti ya zamani iliyokauka, paka mpya. Kisha angalia kapasita, vile vipande vya duara vilivyosimama kando ya prosesa. Vichwa vyake viwe bapa. Vikiwa vimetuna au vimevuja majimaji ya kahawia, achana na ubao huo. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007 ziliharibikia hapo, na Dell OptiPlex GX270 ilijulikana sana kwa ugonjwa huo.

Halafu badilisha betri bapa ya duara, CR2032, hata kama unadhani ingali nzima. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ni dogo na madhara yake ni makubwa. Betri hiyo ndiyo inayotunza saa ya kompyuta umeme usipokuwapo. Ikiisha, kila stima inapokatika mashine huamka ikiamini ni mwaka ilipotengenezwa. Vyeti vya usalama vya tovuti vitaonekana havijaanza kufanya kazi. Kama umewasha DNSSEC, uthibitisho wa majina ya tovuti utakataa kila jina. Fayawoli ingetaka kurekebisha saa yake kupitia mtandao, lakini jina la seva ya saa nalo limekataliwa. Nyumba nzima inakosa intaneti, fundi anaitwa, kampuni inalaumiwa, kumbe ni betri ya bei ya soda.

Ukiwa ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kurekebisha saa, tafuta mahali panapoamua mashine ifanye nini umeme unaporudi. Kiwandani mara nyingi huwekwa ibaki imezimika. Iambie iwake yenyewe. Bila hivyo, stima ikikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, nyumba itaamka asubuhi haina intaneti hadi mtu abonyeze kitufe. Na kama nyumba ni ya wageni Watamu na mwenyewe yuko Nairobi, mtu huyo hayupo. Mashine ikae juu ya rafu, mbali na dirisha la bahari, isifungiwe kabatini, na umeme wake upite kwenye kile kifaa ambacho wengi wetu tunakitumia kulinda friji. Stima inayorudi kwa kishindo huua zaidi kuliko stima inayokatika.

Sasa kuunganisha. Fayawoli inahitaji soketi mbili za kebo: moja upande wa nje, kwenye kisanduku cha fiba au ruta ya 4G; nyingine upande wa ndani, kwenye swichi ya nyumba. Kompyuta za mezani huwa na moja, kwa hiyo utaongeza kadi. Nunua kadi ya Intel iliyotumika badala ya Realtek mpya ya bei rahisi. FreeBSD, ambayo mifumo mikubwa ya fayawoli imejengwa juu yake, huelewana na Intel vizuri zaidi, na utajiepushia mkatiko usioeleweka. Adapta ya USB inafanya kazi, ila siipendekezi kwa kifaa kinachotakiwa kukaa miezi bila kuguswa.

Kisanduku cha kampuni kina ruta ndani yake, na ukiongeza yako zinakuwa mbili zinazofuatana. Waombe watu wa huduma kwa wateja wakigeuze kiwe daraja tu, kipitishe data bila kuichuja. Baadhi hukubali, baadhi hukataa. Wakikataa usihangaike, ruta mbili zinazofuatana hazimdhuru anayetazama filamu na kusoma barua pepe.

Tazama pia anwani ambayo fayawoli yako imepewa upande wa nje. Ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya umma. Safu hiyo ya anwani ilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012, dunia ilipokuwa inaishiwa na anwani za mfumo wa zamani. Maana yake kwako ni kwamba mgeni wa mbali hawezi kuja kubisha moja kwa moja kwako. Wengi husikia hivyo wakapumua, wakaona fayawoli haina haja. Mimi naona kinyume. Hatari kubwa ya nyumba ya Pwani haitoki nje. Imo ndani tayari, imeletwa mkononi.

Fikiria nyumba ya wageni ya kawaida kwenye ufuko wa Malindi. Waifai ni moja, nywila yake imebandikwa kwenye friji. Kwenye waifai hiyo kuna simu za wageni waliotoka kila pembe, runinga yenye intaneti, kamera nne za usalama, na kompyuta ya ofisi yenye nakala za pasipoti. Vyote vinaonana. Simu ya mgeni yenye kirusi inaweza kuichungulia kompyuta ya ofisi bila kuvuka ukuta wowote.

Kamera ndizo zinazoniogopesha zaidi, na nina sababu. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikitafuta kamera na ruta ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani. Haikuhitaji ujanja, ilikuwa na orodha ya majina na nywila zipatazo 60 tu, ikajaribu moja baada ya nyingine. Kwa jeshi hilo la kamera, tarehe 21 Oktoba 2016 iliangushwa Dyn, kampuni ya Marekani iliyohudumia majina ya tovuti, na Twitter na Netflix zikapotea kwa saa kadhaa. Afrika haikusalimika: kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa kwa namna hiyo hiyo, na Mwingereza Daniel Kaye alihukumiwa kifungo London mwaka 2019 kwa kosa hilo. Hapa kwetu nyumba nyingi za ufukweni ni za watu wanaoishi Italia na kwingineko, wanaotaka kuona kamera zao wakiwa mbali. Fundi hufungua mlango kwenye ruta ili kamera ionekane, au huacha kamera ijiunganishe na seva ya mtengenezaji wake ng'ambo, kisha huenda zake. Nywila inabaki ile ya kiwandani.

Hapa ndipo ukuta wa ndani wa Gede unapohitajika. Kwa swichi inayokubali VLAN, waya mmoja hubeba mitandao kadhaa isiyoonana. Wageni wawe kwao: wapate intaneti, basi. Kamera ziwe kwao: zizungumze na mashine inayorekodi peke yake, zisitoke nje kabisa. Ofisi na familia wawe kwao. Mwenye nyumba aliye Milano aingie kwa WireGuard, njia iliyofumbwa kwa msimbo wa siri ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux, ndipo atazame kamera kana kwamba yuko sebuleni. Ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja utahitaji seva ndogo ya kukodi nje au huduma ya kuunganisha, lakini mlango wa kamera hautafunguliwa tena kwa dunia nzima.

Programu ya kufanya haya yote ni bure, na historia yake fupi inasaidia kuchagua. Mwaka 2003 Manuel Kasper alitoa m0n0wall, mfumo mzima wa fayawoli uliotosha katika megabaiti chache na kuendeshwa kwa kivinjari. Mwaka uliofuata wengine walichukua kazi yake wakaanzisha pfSense. Januari 2015 ikatoka OPNsense, iliyochipuka kutoka pfSense. Kasper alipoifunga m0n0wall mwezi uliofuata, aliwaelekeza watumiaji wake waende OPNsense. Nami nawaelekeza huko huko. Masasisho yake huja mara kwa mara na kurasa zake zinaeleweka hata kwa anayeanza. Kwa ruta ndogo yenye ramu haba, OpenWrt ndiyo jibu. Anayependa kuandika amri mwenyewe aweke Debian na nftables, atajifunza mengi.

Programu ya zamani iitwayo Squid siipendekezi, ingawa naiheshimu. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, Afrika Mashariki iliishi kwa setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Kompyuta kuukuu yenye Squid, iliyotunza nakala za kurasa ili zisipakuliwe mara mbili, iliokoa vyuo na saibakafe nyingi. Leo karibu kila tovuti husafiri ikiwa imefumbwa, na Squid haioni cha kuhifadhi. Kilichochukua nafasi yake ni kuchuja majina. Pi-hole, au Unbound iliyomo ndani ya OPNsense, hukataa kutafuta anwani za matangazo na za wafuatiliaji. Tangazo ambalo halikutafutwa halipakuliwi, na anayetumia bando la 4G huko Mambrui au Takaungu huliona jambo hilo kwenye salio lake.

Wasomaji huniuliza: je, fayawoli na seva zikae kwenye kompyuta moja? Inawezekana, na kuna programu za kugawa mashine moja iwe kadhaa. Jibu langu ni hapana, kama una namna. Gede haikuweka hazina yake langoni. Fayawoli iwe kile kifaa kidogo kinachokula wati 10, kisicho na kitu cha thamani ndani, ambacho kikivunjwa unakifuta na kukisakinisha upya ndani ya saa moja. Seva iwe ile OptiPlex, ndani ya ukuta wa pili.

Kwenye seva weka Debian. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell mwaka 1992, itaifanya ionekane na kompyuta zote za nyumba kama folda ya kawaida. Syncthing itavuta picha kutoka simu ya kila mmoja anapoingia nyumbani, bila kupita ng'ambo. Diski ya zamani usiiamini na mali hii. Nunua mpya, na hata hiyo mpya usiiamini peke yake: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Diski ya USB inayolala kwa shangazi Kilifi na kuletwa kila mwezi ni mpango mzuri kuliko programu nyingi za gharama.

Nakala za pasipoti na vitambulisho vya wageni zina uzito wa pekee. Tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na anayekusanya hati hizo anawajibika kuzilinda na kutozitunza muda kupita haja yake. Weka sehemu ya diski iliyofumbwa kwa ajili yake. Zingatia hili: diski iliyofumbwa yote haitawaka bila mtu kuandika nywila, na tumeshaiambia mashine ijiwashe stima inaporudi. Basi fumba sehemu ya hati tu. Mfumo utajiwasha wenyewe, picha na vitabu vitapatikana, na hati zitabaki zimefungwa hadi mwenye nyumba azifungue asubuhi.

Halafu kuna vitabu. Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, na kuisoma kwenye simu yoyote iliyo kwenye waifai ya nyumba, fiba ikiwapo au isiwepo. Kolibri hufanya hivyo kwa masomo na mazoezi ya shule. Pakua usiku mmoja mtandao ukiwa mzuri. Siku ambayo waya wa baharini utakatika tena, watoto wa mtaa wakiwa barazani wataendelea kusoma bila bando. Kati ya yote niliyoyataja katika sura hii, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote.

Waifai yenyewe itakupa taabu katika nyumba za kale. Kuta za mawe ya matumbawe, nene na zenye chokaa, humeza mawimbi. Ruta iliyo sebuleni haifiki chumba cha nyuma. Usinunue ruta kubwa zaidi. Pitisha kebo hadi nyuma, na ile ruta ya zamani uliyokuwa umeiweka kando izimwe kazi ya kugawa anwani, ibaki kusambaza waifai tu. Nayo imepata kazi mpya.

Jirani akiona mambo yako yanakwenda, ataomba kuunganishwa kwa malipo. Kuuza intaneti bila leseni ni kosa nchini Kenya. Lakini tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii, uliokusudiwa vikundi vya mtaa na vijiji. Mkiwa wengi, ombeni leseni hiyo.

Mwisho nazungumza na hoteli, shule na ofisi za Kaunti ya Kilifi, ambazo zinabadilisha kompyuta zao kwa sababu ya Windows. Toeni diski, mzifute kikamilifu au mziharibu. Mashine za 2012 kwenda mbele msiziuze kwa kilo; zipeni shule ya karibu, maktaba, au kijana fundi wa mtaani pamoja na sura hii. Zile za Pentium 4 na zenye kapasita zilizotuna mzipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni. Zisichomwe jalalani: moshi wake una sumu, na upepo wa kusi huuleta moja kwa moja majumbani mwetu.